Nundu ya Jumamosi

Rukia mama,

Sikuulizi hali. Hali yako naisikia kupitia ukuta huu wa karatasi: umefunga sanduku, umelifungua, umelifunga, na sasa umelifungua tena unarudisha nguo kabatini. Mama yako yuko sebuleni anajifanya anatazama televisheni. Mimi niko jikoni na kalamu niliyoichukua benki, naandika. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningegonga mlango tukaongea. Lakini wewe nikikusemesha unanijibu kwa Kiingereza, na Kiingereza chako kina mwendo kasi, kinanipita kabla sijakunja kona. Kwenye karatasi hunishindi. Hapa naongea peke yangu na utanisikiliza mpaka nukta ya mwisho. Neno likikukwama muulize mama yako maana yake, ila usimuulize kama ni kweli, kwa sababu siku hizi mama yako anasema uongo kwa ajili ya amani ya nyumba.

Sitakuambia uvae koti. Minnesota unakohamia chuo itakuambia yenyewe. Wala sitakuambia ule, usali, ulale mapema, uchague marafiki. Hayo mama yako ameshayasema kwa sauti ambayo hata yule Mkorea wa chini yetu, asiyejua neno la Kiswahili, nadhani ameanza kuchagua marafiki.

Nataka tuzungumze ulichosema jana juu ya sahani ya ndizi nyama: kwamba huendi. Kwamba utakiandikia chuo kikuwekee nafasi mpaka mwakani, utafute kazi kwenye maduka ya hapahapa Annandale, ukae na sisi mpaka mambo yatulie. Uliyasema kwa uso wa mtu anayetoa zawadi. Mama yako akakushika mkono. Mimi nikaomba pilipili. Mlidhani sijasikia. Nilisikia vizuri sana, ndiyo maana nikaomba pilipili.

Mama yako anakuambia kwamba yaliyotokea si kosa lako. Nakuheshimu zaidi ya hivyo. Ni wewe. Mimi nilikuwa fundi mkuu wa jengo la ghorofa kumi na moja katikati ya jiji la Washington, mtu mwenye redio kiunoni na funguo nyingi kuliko askari wa gereza, na leo ni mwanamume anayejua ratiba ya vipindi vya mchana vya televisheni. Kati ya yule na huyu kuna mchoro mmoja, na mchoro ule uliuchora wewe. Mchoro ulikuwa sahihi. Kama ungekuwa umekosea ningekusamehe jioni ileile na kukununulia aiskrimu. Tatizo hukukosea.

Unakumbuka ulivyokuja? Mimi nakumbuka, maana nilijisifu kwa kila mtu, hata kwa mtu wa kuleta maji. Baraza la jiji limepitisha sheria kwamba majengo makubwa yapimwe, kila moja lijulikane linakula umeme kiasi gani na gesi kiasi gani, na matokeo yawekwe hadharani kwenye mtandao, mtu yeyote akae kwake na chai yake asome. Ya serikali kwanza, ya watu binafsi baadaye, makubwa kabla ya madogo. Mwenye jengo letu akaogopa. Hakuogopa umeme, aliogopa kusomwa. Akasema tujipime sisi wenyewe kabla hatujapimwa mbele za watu, akaajiri kampuni ndogo ya wapimaji, na kampuni ile ikachukua mwanafunzi mmoja wa chuo cha hapa Annandale kwa kazi ya kiangazi. Mwanafunzi yule akashuka ngazi za chumba changu cha boila na kofia ngumu ya manjano iliyomzidi kichwa, akasema, "Hi, Baba."

Mama, siku ile nilikuwa mrefu. Nilikuzungusha chini mpaka juu ya paa. Nilikufungulia kila kabati la nyaya, nikakuonyesha feni kubwa, nikakuambia usikilize mlio wake, nikakuambia mtu aliyesoma anaitazama lakini mimi naijua inapoumwa. Wenzako wapimaji walinisikiliza kwa adabu. Halafu nikakuonyesha kitu ambacho hakuna aliyeniomba nikionyeshe. Nyuma ya mlango wa chumba cha feni, palepale kiwiko kinapofika, kulikuwa na swichi ndogo nyeusi. Nikasema: hii ndiyo swichi yangu. Saa ya jengo inazima kila kitu Ijumaa jioni, ikiambiwa na kompyuta. Mimi nikiibonyeza hii, kompyuta inabaki inazubaa na ghorofa kumi na moja zinaamka. Nikacheka. Nilitaka ujue kwamba baba yako, darasa la nane na miezi michache ya chuo cha ufundi, ana kidole kinachoamsha ghorofa kumi na moja.

Ukaandika kwenye kile kijitabu chako. Nilidhani unaandika kwa sababu unanipenda.

Wiki chache baadaye ulirudi nyumbani. Ukafungua kompyuta pale kwenye meza ya kulia, ukanigeuzia. Mita mpya ilikuwa imeandika kila robo saa tangu majira ya baridi. Kulikuwa na milima mitano, Jumatatu mpaka Ijumaa, milima ya kazi, haina ubaya. Jumapili tambarare. Na Jumamosi, mahali ambapo jengo lilipaswa kuwa limelala, kulikuwa na nundu. Nundu nene ya ng'ombe wa Kigogo, wiki baada ya wiki. Ukaniuliza kwa upole, kwa Kiingereza, jengo linaamka kufanya nini Jumamosi.

Ulijua. Ulikuwa umekula pilau ndani ya nundu ile tangu una meno ya utoto.

Tuseme ukweli, watu wetu hawajui kuoana bila vikao. Mzungu akitaka kuoa anamwambia mchumba. Sisi tunaunda kamati, na kamati inakutana kila Jumamosi kwa miezi, na kila kikao kinahitaji ukumbi, chai, sambusa, mwenyekiti, mweka hazina, na mtu wa kugombana na mweka hazina. Mwanzoni walikutana nyumba za watu, huku Annandale na kule Oxon Hill, wamebanana kwenye makochi, watoto wanalia, majirani wanagonga ukuta. Mimi nikasimama kwenye kikao kimoja nikasema: kwa nini tuteseke, na mimi nina jengo?

Nina jengo. Ndivyo nilivyosema. Sikusema nafanya kazi kwenye jengo. Watu wakapiga makofi, na kuanzia siku ile wakaniita Mzee Jengo. Wageni kutoka Dar walitambulishwa kwangu kwa jina hilo wakanipa mikono miwili. Mama yako alinitazama tu. Alikuwa anajua kwamba jengo langu mimi naliingilia mlango wa mapipa ya taka.

Ukumbi wa mikutano wa chini ulikuwa mzuri, zulia, viti vya kuzunguka, dirisha refu. Ubaya wake ni mmoja. Jengo lilijengwa zamani, feni ile kubwa haijui kumpa mmoja ikamnyima mwingine. Ukitaka joto la ukumbi huo mmoja, upashe ghorofa kumi na moja zote. Basi Jumamosi watu wetu wanajadili rangi ya vitambaa vya meza, na juu yao ofisi za mawakili, madawati yao, maua yao ya plastiki, vyote vinaota moto. Kiangazi vyote vinapoozwa. Vikao vya harusi, misiba, arobaini, sherehe za kumpongeza mtoto aliyefaulu, hata kikao kimoja cha kusuluhisha ugomvi uliotokana na kikao kingine. Na Januari ile rais mpya, mtoto wa Mkenya, alipoapishwa, watu walipotoka Ohio na Carolina kuja kusimama barabarani kwenye baridi ya kukata masikio, nilifungua milango siku nzima nikapasha joto nusu ya Afrika Mashariki. Kwenye mchoro wako nundu ya wiki ile ilikuwa karibu ipasue karatasi. Nakiri nilipoiona niliona fahari kidogo. Nilisema moyoni, ile ni yangu.

Halafu nikakuambia uifute.

Hukuniinulia sauti. Ulisema haifutiki, mita ni ya kampuni ya umeme, na hata ikifutwa sasa, sheria itakapofika itaonekana mbele ya dunia nzima, na wapangaji wataanza kuuliza kwa nini wanapasha joto viti vitupu. Ulisema utaandika kwamba jengo linawashwa Jumamosi bila sababu ya kazi, na hutaandika jina la mtu. Nikakuambia wewe ni mtoto wa Kimarekani, huna ukoo, una takwimu tu. Neno lile nalo uliliandika, najua, ila si kwenye kijitabu. Silirudishi. Lilitoka, lina miguu yake sasa. Ila ujue nililisema kwa sababu ulikuwa na haki, na mimi sipendi mtu mwenye haki akiwa anakula chakula changu.

Sasa nakueleza jambo ambalo uliliona kwa macho yako ukalielewa vibaya, kwa sababu ulikuwa umekaa upande wa wapimaji na ulikuwa unalia.

Papa Kalonji umemjua tangu ulipokuwa unapanda kiti chake cha kuzunguka pale mlangoni. Mlinzi wa wikiendi, mtu wa Lubumbashi, goti bovu, suti ya mlinzi anayoipiga pasi kama anakwenda ikulu. Jumamosi zote zile yeye ndiye aliyefungua mlango. Hakuwahi kuitwa Mzee Jengo. Alipewa sahani ya pilau iliyofunikwa na karatasi ya fedha, akala amesimama.

Meneja alituita wote ghorofani, yule mama mwenye viatu vinavyotangulia kufika. Ripoti yenu ilikuwa mezani. Alama ya jengo ilikuwa mbaya, mwenye jengo amekasirika, na meneja anataka jibu moja tu la kumpelekea: nani anawasha Jumamosi. Wewe ulikuwa pale pembeni na bosi wako. Meneja akamuuliza Kalonji kwanza. Kalonji akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba saa ya mitambo ni mbovu, inajiwasha, na kwamba kuna siku aliwaruhusu jamaa wachache wakae chini kujikinga na baridi, anaomba radhi. Tulikuwa hatujapanga. Alibuni mwenyewe, papo hapo, uongo mzuri, mdogo, usiomuumiza mtu. Meneja alishaanza kuandika. Nilimwona anapumua. Saa mbovu ni jibu zuri, saa haina mwanasheria. Kalonji angepewa onyo la karatasi, mimi ningeambiwa nibadilishe saa, na Jumamosi ingekufa kimya kimya.

Mimi nikasimama.

Rukia, nilisimama kwa sababu ulikuwa unanitazama. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta wiki zote hizi na sijaipata. Ulikuwa umesema ukweli wako kwa kompyuta, na mimi nikaona haiwezekani mtoto awe mkubwa kuliko baba ndani ya chumba kimoja. Nikafunga kifungo cha koti. Nikasema saa ni nzima, mimi ndiye niliyewasha, kwa kidole hiki, na nikakinyanyua. Nikasema nilifanya kwa ajili ya watu wangu ambao jiji hili halina mahali pa kuwaweka. Nikasema mambo ya utu. Nadhani nilitaja na babu zetu. Ilikuwa hotuba nzuri, nikikumbuka bado naisikia ilivyopanda. Wewe ulilia, bosi wako akatazama chini, na mimi nikadhani nimeshinda.

Meneja hakunitazama. Alimtazama Kalonji. Akamwambia kwa utulivu kwamba amemdanganya usoni, na mlinzi anayedanganya hana kazi kwenye jengo hili. Walimvua beji kabla sijakaa. Mimi, msema kweli, nilipewa wiki mbili za ziada, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua boila, ili nimfundishe mtu atakayechukua nafasi yangu. Nilimfundisha vizuri. Hata mlio wa feni nilimwonyesha.

Nilimkimbilia Kalonji nyuma, pale wanapopakulia mizigo. Alikuwa amekaa kwenye kreti, ameshika goti. Nilikwenda nimefungua mikono, nikitegemea kukumbatiwa, mwanamume kwa mwanamume. Akaniambia nisimame hapohapo.

"Miye niliisha sema saa imeharibika," akasema. "Bangenipa onyo, basi. Nani alikuomba ukweli?"

Nikamwambia nisingeweza kumwacha abebe uongo kwa ajili yangu.

"Usinidanganye na weye," akasema. "Ulipenda mutoto yako akuone. Sasa amekuona. Kwenda."

Nikabaki nimesimama. Yeye akatazama kisigino cha kiatu chake. Unajua mimi sikosi neno. Nimemjibu askari wa uhamiaji, nimemjibu mkwe wangu, nimewahi kumjibu shehe katikati ya mawaidha. Pale niligeuka nikaondoka kama nilivyoambiwa. Maana unaweza kubishana na mtu aliyekutukana, lakini huyu alikuwa amenisoma tu, kama mita.

Hayo ndiyo nisiyotaka uyachukue vibaya uende nayo huko. Usije ukawasimulia wenzako kwamba baba yako alisimama akasema ukweli. Alisimama akajisifu, na ukweli ukatokea kuwa ndiyo nguo iliyokuwa karibu. Wewe uliandika nundu bila kutaja jina, ukaona aibu, ukakosa usingizi. Huo ndio ukweli wenyewe, hauna makofi. Tofauti yetu ni hiyo na sitaki uipoteze kwa kunihurumia.

Watu wetu je? Utacheka. Wiki ya kwanza simu ilipiga mara moja. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi, yule mwenye sauti ya redio. Alinipa pole ndefu, akamtaja Mungu, akapumua, halafu akauliza kama kwa bahati namfahamu fundi yeyote wa jengo jingine, maana bado vikao vitatu. Mama yako alitaka kumtukana. Mimi nilicheka mpaka nikaketi chini. Nilikuwa nimewapa joto la mtu mwingine miaka yote, nikaona nawadai shukrani. Walinishukuru kadiri ilivyonigharimu wakati ule, yaani kidole.

Sasa turudi kwenye hii zawadi yako ya kubaki.

Nitakueleza kitu ambacho mama yako anakijua nusu. Nilipokuwa na umri wako Tanga nilipata nafasi chuo cha ufundi Dar es Salaam. Nilianza, nikasoma miezi michache, nikapata habari kwamba kiwanda cha mkonge kimempunguza baba yangu kazini. Alikuwa mtu wa boila kama mimi, unaona ukoo wetu, tunarithishana masizi. Nikarudi. Hakuna aliyeniita. Nilifunga sanduku kwa uso uleule uliokuwa nao wewe jana. Nikafika nyumbani nikasema, baba, nimekuja kukusaidia. Nafasi yangu chuoni akapewa mwingine, na sikuipata tena.

Nilidhani atalia kwa furaha. Hakulia. Baadaye akaanza kula chumbani. Nilipata kibarua bandarini, naleta unga, naleta sukari, na kila nilipoweka mfuko mezani alitoka nje. Nikazidisha upole. Upole ule ndio ulimchoma. Siku moja nilimletea kanzu mpya ya Idi. Akaishika, akaipima mabegani, akairudisha kwenye mfuko. Akaniambia: "Kila nikikutazama namwona mtu niliyemharibia. Ungekwenda zako ningekuwa mzee aliyepoteza kazi tu. Umenifanya niwe mwizi."

Aliivaa kanzu ile mara moja tu, na tulipomzika haikuwapo tena, maana alimpa fundi wa baiskeli. Unaona ninavyokumbuka vitu vya ajabu. Nilimchukia miaka mingi kwa maneno yale. Nilijisifu kila mahali kwamba niliacha shule kwa ajili ya baba yangu, watu wakanisifu, na kila waliponisifu nilimchukia kidogo zaidi, kwa kuwa hakuwa amenisifu yeye. Jana ulipoweka uso ule juu ya ndizi nyama ndipo nilipomwelewa. Imechukua muda. Sikusoma sana, unajua.

Basi ukibaki, Rukia, itakuwa hivi. Mwezi wa kwanza nitakuita malaika. Wa pili nitaanza kusema unaacha taa zinawaka. Utarudi kutoka dukani na miguu imevimba, utanitabasamia, na mimi nitaona tabasamu lile linanipima, kila robo saa, Jumapili hakuna mapumziko. Nitakuwa mbaya kwako. Najijua. Mimi ni mtu mzuri sana nikiwa natoa, hakuna anayenishinda Annandale nzima. Nikiwa napokea nina sumu. Nitakulaumu kwa mchoro, kila tukigombana nitautoa. Nimeshautoa kwenye ukurasa wa kwanza wa barua hii na wewe bado hujaondoka.

Na wewe utabaki kwa nini? Si kwa upendo, usinidanganye. Kwa upendo ungekuwa umelala sasa na sanduku liko mlangoni. Unataka kubaki ili uadhibiwe nyumbani, na chakula cha mama juu yake. Unataka nikutazame kila siku mpaka siku moja niseme yameisha. Sitasema. Kama ni msamaha unaoungoja kwenye kochi langu, utazeeka hapo. Nenda ukaujifunze huo mchoro vizuri zaidi. Mwakani na mwaka unaofuata watapima kila jengo la jiji hili, na watahitaji mtu anayeweza kuona nundu na kuuliza kwanza ni nani aliye ndani yake na alikuwa anatafuta nini, kabla hajaipeleka mezani kwa meneja. Hilo hukuliuliza. Uliniuliza mimi tu, na mimi nilikujibu kama mpumbavu. Kalonji hakuna aliyemuuliza kabla ripoti haijafika kwa meneja. Mimi simo kwenye orodha ya watu wa kukufundisha hilo. Fikiri mwenyewe huko kwenye theluji, kuna muda mwingi.

Najua hoja yako iliyobaki. Utasema, nitakwendaje na Papa Kalonji hana kazi kwa sababu yangu. Ulimtumia kadi, alinionyesha. Hakuifungua mbele yangu.

Nimekwenda kwake Langley Park mara kadhaa. Binamu yake aliyekuwa anaishi naye amemwambia atoke, watoto wanakua, chumba kinahitajika. Mara ya kwanza Kalonji aliniacha kwenye ngazi. Mara ya pili alinifungulia, akanipa kiti, akakaa amenipa mgongo, tukatazama mpira. Juzi nikamwambia nina chumba. Akatazama mpira mpaka ukaisha. Akasema atakuja kwa sababu hana pa kwenda, si kwa sababu amesahau. Akasema asubuhi nisimsalimie. Akasema nikimweleza mgeni yeyote kwamba namhifadhi, hata kwa ishara, ataondoka siku hiyohiyo na goti lake. Nimekubali. Unaelewa ni kitu gani nimekubali, mimi, kukaa na mtu niliyempa chumba na nisiseme. Mama yako anadhani sitamaliza wiki.

Chumba ni chako. Sikukuuliza, najua. Nilikitoa kabla hujasema huendi, na uliposema jana nikaona afadhali nilivyokitoa. Kesho nikishakufikisha uwanja wa ndege napitia Langley Park kumchukua yeye na mabegi yake mawili. Kitanda ni kimoja na yeye ni mtu mzima. Kochi halimtoshi mtu wa urefu wako, nimeshalilalia, nalijua. Kwa hiyo hata ukilifungua sanduku mara kumi, mama, nguo zile hazina kabati la kurudi.

Zitoe. Shuka usivue, mama yako atabadilisha. Picha zako ukutani ziache kama hutaki kuzibeba, amesema hazimsumbui. Nitakuamsha kabla jua halijatoka, sitagonga, nitawasha taa tu. Na ufunguo wa mlango usiondoke nao. Uache juu ya friji, mwenyewe anakuja mchana.

Baba yako